Sokwe Wako Si Gunia la Kupigwa

Msomaji mmoja anayeongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha kete, ameniandikia kwamba wachezaji wake walimmaliza sokwe mkubwa, mmoja wa viumbe wa mchezo huo, kwa raundi mbili, wakacheka, wakaendelea na safari. Anauliza amwongezee pointi ngapi za uhai, zile zinazopungua kila akijeruhiwa. Hata moja asiongeze.

Ujumbe wake umenikuta nikiwa bado natembea kifua mbele. Katika kikao chetu cha karibuni, sokwe wangu aliwazuia mashujaa kwenye korongo karibu usiku mzima, na upanga haukuchomolewa mpaka mwishoni. Kuna mchezaji aliwahi kuniambia, mbele ya wenzake, kwamba mwongozaji, yaani msimulizi anayewaendesha viumbe, akikosa la kubuni huleta sokwe. Sijalisahau neno hilo, wala sina mpango wa kulisahau.

Tuanze na karatasi ya takwimu zake. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014, sokwe mkubwa ana pointi 157 za uhai lakini kinga yake, namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ni 12 tu. Mweke uwanda wazi na karibu kila mshale utampata. Ila anapanda futi 40 kwa zamu, sawasawa na anavyokimbia, na jiwe analorusha huumiza kwa jumla ya kete saba za pande sita na 6 juu yake. Kiumbe huyu ameandikwa akae juu! Mpe mwamba, mpe miti, uone wenye mapanga watakavyohangaika chini.

Hayo ni ya vita, na vita ndiyo sehemu ndogo. Gorila halisi hupiga kifua kwa viganja, si kwa ngumi, na mlio wake hufika mbali msituni. Akikujia mbio, mara nyingi anatisha tu. Hukatiza kabla ya kukugusa. Basi sokwe wangu alisikika kabla ya kuonekana. Baadaye matawi yakaanza kuvunjika. Kisha akashuka mbio na kusimama hatua chache mbele ya mpiganaji wetu, na mchezaji wake, mtu asiyeogopa hata joka, akaniuliza polepole kama anaweza kurudi nyuma bila kugeuza mgongo. Kete zilikuwa zimelala mezani.

Kilichonifurahisha zaidi ni viota. Gorila hutengeneza kiota kipya kila jioni, na watafiti huhesabu viota kukadiria ukubwa wa kundi. Watoto wadogo hulala na mama zao. Mwindaji wa kundi letu akaona viota saba vya majani. Akahesabu, akatazama juu, akanyamaza. Alikuwa ameelewa kwamba yule mmoja hakuwa peke yake, na kwamba alikuwa na cha kulinda. Nami sikusema neno.

Kwa hiyo mpe sababu. Mtoto aliyenaswa wavuni, mti wa matunda, njia ya kundi, chochote, lakini mpe sababu. Alama yake ya akili ni 7, na mtu wa kawaida ana 10. Anakumbuka ni nani alirusha moto. Akijeruhiwa vibaya akimbie, arudi usiku. Waongozaji wanaopiganisha kila mnyama mpaka kufa wananichosha, na samahani kama ni wewe. Mnyama asiye na sababu atachekwa hata ukimpa pointi elfu.

Jambo jingine, maana najua litafuata. Wachezaji wakifika kiwango cha 7, mchawi wao ataweza kujifunza uchawi wa kugeuza umbo, na mpiganaji wenu atakuwa sokwe mkubwa kila vita. Usikataze. Kumbusha tu kwamba akili yake inashuka hadi 7, hawezi kusema wala kutoa uchawi, na kwamba umbo hilo linashikiliwa na umakini wa mchawi aliyejificha nyuma; ukivunjika, uchawi huisha. Maadui wenye akili waache kumpiga sokwe, wamtafute huyo.