Re: Mama aliharibikiwa baada ya opareshoni, hospitali imeninyima faili

Sasa dadangu, pole sana kwa mama. Umesema alifanyiwa opareshoni hospitali ya serikali, akatoka na maambukizi, na sasa wanakuzungusha na faili.

Cheki tarehe kwanza kabla ya kitu kingine chochote! Hapa Kenya, kesi ya uzembe kwa kawaida una miaka 3 ya kushtaki, lakini ukishtaki serikali ni miezi 12 tu, na hiyo ndio imenyima watu wengi haki.

Faili omba kwa barua, usiombe kwa mdomo. Sisi na baba yangu tulienda dirishani mara nne tukiambiwa rudi kesho, siku tuliandika barua, tukataja Kifungu cha 35 cha Katiba (haki ya kupata habari) na tukahakikisha nakala yetu imegongwa muhuri, faili ikapatikana. Ndani tukakuta ile chati ya manesi ya presha na joto iko tupu kuanzia saa nne usiku mpaka asubuhi. Hiyo karatasi moja ndio ilibeba kesi.

Kisha tafuta daktari mwingine aisome, maana mtu kuumia peke yake si uzembe, lazima ionekane walifanya chini ya kile daktari wa kawaida angefanya. Kwa mama yako mimi siwezi kusema kabla faili isomwe.

Malalamiko peleka KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari Kenya, wako Woodlands Road, Nairobi, wanaweza kumwadhibu daktari. Lakini fidia itafute kortini, na usingoje wamalize ndio ushtaki. Kama wakili ni ghali jaribu Kituo cha Sheria, shirika linalosaidia wasio na uwezo mambo ya kisheria.

Opareshoni ilikuwa mwezi gani?