Upandikizaji wa ini haukusimama kote 2020

Hapana ndugu, si kweli kwamba wakati wa Korona hakuna aliyepandikizwa ini. Uliosogezwa mbele zaidi ni upasuaji wa kupangwa, hasa wa mtoaji aliye hai, yaani mtu anayetoa kipande cha ini lake: hapo unalaza watu wawili, mmoja wao mzima kabisa, na vitanda vya ICU, wodi ya mahututi, vinagombaniwa. Lakini ini likifeli ghafla huwezi kungoja. Figo ina daialisisi, mashine ya kusafisha damu, ya kumvusha mtu miaka, ini halina mashine kama hiyo. Wagonjwa wa aina hiyo waliendelea kupasuliwa, wakishapimwa Korona wao na watoaji.

Sisi wa Malindi tuliokuwa na mgonjwa wa kupeleka India, kilichotukwamisha ni njia. Mjomba visa anayo, vipimo vyote viko kwenye bahasha ya kaki, Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Aprili 8 hata kutoka kaunti yetu ya Kilifi ikawa marufuku! Ndege zilirudi Agosti 1.

Ila wengine waliambiwa na madaktari wangoje makusudi, maana dawa za baada ya upasuaji hushusha kinga ya mwili.