SMP kwenye I2C ya PIC: iwe 0 au 1?

Mkuu, umeuliza kwa nini mifano mingi ya programu za PIC16F877A (chipu ndogo ya kudhibiti vifaa) huandika SSPSTAT = 0x80, yaani rejista ya mipangilio, kabla ya kuwasha I2C (mawasiliano ya waya mbili: SDA ya data na SCL ya saa), na kama uiache hivyo unapotaka kusoma EEPROM (chipu ya kumbukumbu) ya 24LC256 kwa 400 kHz. Usiiache. Hiyo 0x80 inaweka SMP, biti ya juu kabisa ya SSPSTAT, kuwa 1, yaani udhibiti wa kasi ya ukingo (jinsi volteji ya laini inavyobadilika haraka) umezimwa, na datashiti inasema hivyo ni kwa 100 kHz na 1 MHz. Kwa 400 kHz weka SMP = 0. Jina la biti lisikusumbue: kwenye SPI, njia nyingine ya mawasiliano ya chipu hiyo, biti hiyohiyo huamua data inayoingia isomwe wakati gani.

Sasa shika hili, ndilo linalowapoteza wengi. Kwenye I2C chipu haisukumi laini kwenda juu. Inaishusha tu hadi graundi, halafu ikiiachia, rezista za kuvuta juu ndizo zinazoipandisha. Kwa hiyo SMP inagusa mshuko peke yake: volteji inateremka taratibu kidogo badala ya kudondoka ghafla. Mdondoko mkali kwenye waya mrefu huzua mitetemo, na SDA ikilala ubavuni mwa SCL inaweza kuirushia kelele ambayo chipu ya upande wa pili itaihesabu kama pigo la saa. Ndiyo maana kiwango cha I2C kinataka vifaa vya 400 kHz viwe na udhibiti wa mshuko.

Niliwahi kuletewa kadi ya kurekodi joto iliyokuwa sawa kwa 100 kHz, ikifika 400 inakosa ACK (jibu la kifaa kwamba kimepokea). Mwenye kadi alikuwa ameshageuza SMP huku na huku bila nafuu. Tulipoweka osiloskopu, mshuko ulikuwa safi kabisa. Mpando ndio ulikuwa umepinda kama pezi la papa. Rezista zilikuwa 4.7k. Tukaweka 2.2k, ikatulia.

Hesabu yake ni muda wa mpando = 0.847 × R × C, R ikiwa rezista na C uwezo wa laini kuhifadhi chaji. Laini ikiwa na 100 pF, 4.7k inakupa karibu 400 ns, wakati ukomo kwa 400 kHz ni 300 ns. Kwa 100 kHz ukomo ni 1000 ns, ndiyo sababu kasi ndogo ilikuwa inapita. 2.2k inakupa kama 186 ns. Usishuke chini ya 1.5k hivi kwenye 5 V, kwa sababu kifaa cha kawaida kinahakikishiwa kumeza 3 mA tu kikiwa kimeshusha laini hadi 0.4 V.

Na SSPADD, rejista inayopanga kasi ya I2C: kwa kristali ya 20 MHz weka 12, upate takriban 385 kHz. Ukiweka 11 unapanda hadi 417, nje ya kiwango cha hiyo EEPROM. Ukishabadilisha, pima mpando kwenye pini ya kifaa cha mbali zaidi, si pale kwenye PIC.