Fangasi wanaorudi rudi: kabla hujauliza ule nini, pima sukari

Mdogo wangu uliyeuliza ule nini fangasi wa ukeni wasirudi, maana umeshatumia dawa mara tatu mwaka huu na bado, nimekuelewa kabisa. Mimi nilihangaika nao karibu mwaka mzima. Nashona nguo hapa Mbagala, kazi ya kukaa kutwa, sasa fikiria ule muwasho, uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, ukienda kukojoa panachoma, na wateja wako mbele yako wanasubiri vipimo. Nilikuwa namwachia binti wa dukani cherehani naenda kujifungia chooni.

Kila nikienda duka la dawa naambiwa hiyo U.T.I (maambukizi ya njia ya mkojo), napewa antibayotiki, nameza. Kumbe ukeni kuna bakteria wazuri ambao ndio wanawazuia fangasi wasizaliane, na antibayotiki zinawaua hao walinzi ila fangasi haziwagusi hata kidogo, kwa hiyo napata nafuu ya uongo siku mbili tatu halafu wanarudi kwa kasi zaidi. Hilo la kwanza, usimeze antibayotiki bila kupima mkojo.

Sasa chakula. Siku yangu ilikuwa hivi: asubuhi chai vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu, saa saba wali na soda, jioni joto likizidi juisi ya miwa. Soda ya mililita 350 peke yake ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Sikuwahi kuwaza kama inahusiana na huku chini mpaka nilipoenda kliniki moja nikakutana na nesi mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, usiku unaamka mara ngapi kukojoa?" Nikamwambia tatu, nne. Akanitoboa kidole hapo hapo, sijala kitu tangu usiku, kikasoma 8.9 (kwa kipimo cha mmol/L). Kuanzia 7 ukiwa hujala ni kisukari, daktari akarudia siku nyingine ikawa 8.4. Nilikuwa na miaka 33, nililia. Ila ndio nikaelewa, sukari ikipanda kwenye damu inatokea kwenye mkojo na majimaji ya ukeni, na fangasi wanakula sukari, yaani nilikuwa nawalisha mwenyewe.

Nikatumia dawa za kuweka ukeni usiku mpaka dozi ikaisha, nikaanza vidonge vya sukari, na kula nikabadilisha. Chai ya tangawizi bila sukari (wiki mbili za kwanza ni mateso, halafu ulimi unazoea kweli), ugali wa dona kiasi, matembele au mchicha, dagaa, maharage, tunda zima badala ya juisi. Mtindi kikombe kila siku, ule usiotiwa sukari, maana hizi yoghurt za ladha ya stroberi ni tamu kama soda. Sitakudanganya kwamba mtindi unatibu, tafiti zake hazikubaliani, mimi nakunywa kwa sababu ni chakula kizuri na tumbo langu linatulia. Na kama sukari yako iko sawa, sikuahidi kwamba kuacha chai tamu peke yake kutawamaliza.

Kitunguu saumu kula kwenye mboga upendavyo, lakini tafadhali sana usikiweke ukeni. Jirani yangu aliweka punje usiku kucha, akaamka ameungua na kuvimba, hakuweza kuvaa chupi siku nne. Siki, mtindi, magadi, vyote visiingie huko, na usijioshe ndani kwa sabuni, maji nje yanatosha. Chupi za pamba, ukitoka jasho badilisha.

Ukiona uchafu una harufu kama ya samaki au rangi ya kijani, hiyo sio fangasi, kapime ujue. Kama una mimba usinunue vidonge vya fluconazole (dawa ya fangasi ya kumeza) mwenyewe, nenda kliniki wakupe dawa ya kuweka. Na kwa kuwa kwako imeshafika mara tatu ndani ya mwaka, waombe wakupime na VVU pia, usiogope, mimi walinipima siku ile ile.

Kesho usinywe chai kwanza. Amka, nenda kapime sukari hujala kitu, halafu njoo uniambie imesoma ngapi, nitakuelekeza nilivyopanga chakula changu cha wiki.