Maji yanapwa saa ngapi? Majibu yenu kuhusu bichi za kimya za Pangani na jirani zake

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mtu aliyechoka na bichi za spika na foleni aje huku kwetu, ule ukanda wa kutoka Tanga mjini kushuka Kigombe, Pangani, Ushongo mpaka karibu na Saadani. Basi meseji zilizokuja sikuzitegemea. Mimi nimezaliwa Pangani, baba yangu alikuwa mvuvi, haya mambo nayapenda kwa moyo wote kwahiyo nimejibu kwa urefu pale palipohitaji, na zile zilizofanana nimeziunganisha.

Dada habari za kazi. Niko Morogoro, nina watoto wawili, mmoja miaka 4 mwingine 9. Kila tukienda Dar tunaishia bichi ileile, muziki mpaka usiku, watu wamejaa, mtoto ukimwachia mkono dakika moja humuoni tena. Nataka siku tatu za kimya, hela sio nyingi na gari sina. Niende wapi? (Mama wawili, Morogoro)

Nenda Ushongo mama, na siku tatu ziongeze ziwe nne maana ya kwanza itaishia njiani. Mnapanda basi la Tanga, mnapita Chalinze, Segera, Muheza, mkifika Tanga mnachukua gari la Pangani, ni kama kilomita 50 hivi. Pangani mjini kuna mto mkubwa unaingia baharini, ng'ambo yake ni Bweni, miaka yote tumevuka kwa kivuko ila kuna daraja limekuwa kwenye ujenzi kwahiyo mkifika ulizeni watu wanapita wapi kwa sasa. Toka Bweni mpaka Ushongo ni kama kilomita 15, bodaboda zipo, bajaji pia, na kama mna mizigo na watoto patana bei kabla hujapanda, patana kwa upole tu.

Kwanini Ushongo na sio kwingine: mchanga ni mrefu sana, unatembea mpaka unachoka wewe, minazi imeinamia bahari, na mawimbi ni madogo kwasababu kule mbele kuna miamba inayapunguza nguvu kabla hayajafika pwani. Halafu chini pameinama taratibu, hakuna pale mtoto anapiga hatua mbili anazama. Maji yakipwa yanabakiza vidimbwi vidogo vya maji ya vuguvugu, huyo wa miaka 4 atacheza humo asubuhi nzima na samaki wadogo.

Malazi yapo ya aina zote, kuna hoteli za wageni za bei kubwa na kuna sehemu za kawaida za banda na chandarua, na ukiweka hema sehemu zinazoruhusu ni nafuu zaidi. Toa hela ya kutosha mkiwa bado Tanga, usitegemee kutoa kijijini. Na chakula agiza mapema, yaani asubuhi unasema jioni tutakula nini, ili mtu aende akasubiri vyombo vinavyorudi na samaki. Muombe akupikie bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, watoto wakikataa bada wale wali, wewe kula bada.

Kitu kimoja tu nakusihi, watoto wasiogee mdomo wa mto pale Pangani hata kama wanaona watoto wa pale wanaruka kutoka kwenye ngalawa. Mkondo wa pale unavuta, maji ni ya udongo huoni chini, na huo mto una mamba huko juu.

Anti shikamoo. Sisi ni wanachuo wa Dodoma, tulichanga tukaenda huko Pangani mwezi uliopita, tukaamka saa mbili tukanywa chai tukashuka kuogelea saa nne, jamani hakuna bahari! Maji yako mbali kama uwanja wa mpira tatu, tunakanyaga nyasi na matope. Tukakaa mpaka saa sita tukakata tamaa tukapanda gari. Hivi hiyo ndo bichi nzuri mnayoisema? (Watano wa Dodoma)

Marahaba wanangu. Mmeniumiza roho kweli, sababu mliondoka wakati bahari ndo inaanza kurudi. Mngesubiri mpaka saa tisa mngeikuta pale pale mlipoweka viatu.

Ngoja niwaeleze hili vizuri maana nadhani ndo jambo kubwa kuliko yote kwa mtu anayekuja pwani yetu na watu wa bara wengi hakuna aliyewahi kuwaambia. Bahari huku inajaa na kupwa mara mbili kila siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni masaa sita na dakika kidogo, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita 4, sasa mita 4 kwenye ufukwe uliolala kama wetu ndo hizo viwanja vya mpira tatu mlizoziona. Hakuna kilichoharibika.

Baba hakuwa na simu wala jedwali lolote, alikuwa anaangalia mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu tarehe 14, 15 za mwandamo, hapo na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Siku za bamvua pwani yetu hii kujaa kunaangukia mida ya saa kumi, saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa ni saa nne, asubuhi na usiku. Ndo maana nyie saa nne yenu mlikuta jangwa, naamini kabisa mlikuja siku za bamvua. Mwezi ukiwa nusu, yaani tarehe 7, 8 na 22, 23 za mwandamo, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana, na saa zinageuka, saa nne asubuhi ndo imejaa. Kwahiyo mtu anayetaka kuogelea asubuhi aje maji mafu. Anayetaka kuogelea jioni jua likipungua aje bamvua. Na anayetaka kutembea juu ya mwamba kuangalia nyota za bahari, kaa, na kina mama wakichokoa pweza kwenye mashimo, huyo naye aje bamvua asubuhi, avae viatu vya kuloa, kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, ukiwakanyaga safari imeisha.

Hizo nyasi mlizokanyaga ni malisho ya kasa na ni makuzio ya samaki wadogo, msiziwaze kama uchafu. Rudini mwakani, ila mkipiga simu ya kuulizia chumba swali la kwanza liwe maji yanapwa saa ngapi siku hizo, bei ya chumba iwe la pili.

Ni kweli kuna kisiwa huko kinazama kila siku? Rafiki yangu kasema aliona picha watu wamesimama katikati ya bahari kwenye mchanga. Nafikaje? (Msomaji wa Arusha)

Kweli, kinaitwa Maziwe, kiko kama kilomita 8 hivi toka Pangani. Ni fungu la mchanga mweupe, maji yakipwa linatokea, yakijaa sana linafunikwa lote. Wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa kamili chenye mivinje, wavuvi wanalala pale kivulini, kasa wanapanda kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na baada ya hapo bahari ikaendelea kula mchanga mpaka miti yote ikaanguka ikaisha. Mimi nimekuta mchanga tu, lakini nimekua nasikia habari za ile mivinje mpaka naona kama niliiona.

Unaenda kwa dau au boti ya injini kutoka Pangani au Ushongo, kuna ada ya hifadhi ya bahari unalipa, omba risiti. Nahodha ndo atapanga saa ya kuondoka kulingana na maji, msimbishie hata akisema saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kupanda angalia jaketi za kuokolea zipo za watu wote, na kama hazipo usipande, mimi niliwahi kupanda bila jaketi kwa kuona aibu kuuliza, upepo ukabadilika katikati na ile saa moja ya kurudi sijaisahau mpaka leo. Kule hakuna kivuli hata cha kidole, beba maji ya kunywa mengi, kofia, nguo ya mikono mirefu. Miamba iliyozunguka ina matumbawe na samaki wa rangi zote, ukivaa miwani ya kuzamia utaona, ila usisimame juu ya matumbawe, yanavunjika na yanakua polepole sana.

Mwezi mzuri ni Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, upepo wa kaskazi, maji yanakuwa safi unaona chini. Upepo wa kusi ukianza bahari inachafuka na mwani unatupwa pwani. Aprili na Mei ni masika, barabara na boti zote shida.

Mimi navaa hijabu na ningependa kuja na dada zangu, tunaogopa kuangaliwa angaliwa. Na je tunaweza kupiga picha za kijiji? (Binti wa Dodoma)

Karibuni sana mdogo wangu, nyie ndo mtajisikia nyumbani kuliko wote. Vijiji vya huku wengi ni Waislamu, kina mama wa huku wanaingia baharini na nguo zao na mtandio kichwani kila siku ya Mungu, wanavua dagaa, wanachokoa pweza, na upande wa Kigombe na Mwambani kuna wanaolima mwani. Ukiona vijiti na kamba zimepangwa majini maji yakipwa, hilo ni shamba la mtu, zunguka.

Kwa wasioswali pia nasema hapo hapo, vazi la kuogelea liishie mchangani, ukipanda kijijini kununua soda jifunge kanga. Salimia kwanza kabla ya kuuliza kitu. Na picha omba, hasa za kina mama kazini na watoto, ukikataliwa sema asante uondoke, usirudi kupiga kwa mbali.

Tulikuwa tunatembea pwani, tukafika mbele ya hoteli moja mlinzi akatuzuia akasema bichi ya wageni wa hoteli tu. Ana haki? (Baba wa familia, Tanga)

Hapana kaka. Ufukwe haumilikiwi na hoteli. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni. Vitanda vyao, vyoo, bwawa lao, hivyo ni vyao na usivitumie bila ruhusa, lakini kupita kwa miguu kando ya maji ni haki yako. Yalishanikuta na mimi, nilimwambia mlinzi taratibu kwamba napita tu, akaita meneja, meneja akanyamaza nikapita. Mlinzi ni kijana wa watu katumwa, usimtukane. Ukizuiwa kabisa nenda serikali ya kijiji, wanajua.

Nipo Mombasa, naweza kufika Pangani wikendi moja? (Msomaji wa Likoni)

Unaweza ila utakuwa umejibana. Unavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, halafu lami mpaka Tanga kama kilomita 65, beba pasipoti. Njiani kuelekea Pangani simama Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani ya nguzo, yako kimya kabisa chini ya mibuyu. Na Kigombe ukikutana na wavuvi waulize habari za silikanti, yule samaki ambaye wasomi walidhani alishatoweka duniani zamani za zamani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Huku Tanga wavuvi walianza kumtoa kwenye nyavu za maji marefu miaka ya 2003, 2004, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake.

Aliyeuliza kama Saadani nayo inafaa kwa bichi nimjibu hapa hapa, ni nzuri, mbuga inafika mpaka mchangani, ila ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kuna kiingilio na hutembei peke yako kama bichi ya kawaida.

Mwanangu anapenda sana kasa, anataka kuwaona wadogo wakiingia baharini. Inawezekana? (Mama wa Moshi)

Inawezekana, na kama ni kitu kimoja tu utamfanyia huyo mtoto mwaka huu fanya hiki. Maziwe inafunikwa na maji, kwahiyo mayai yakitagwa kule wanakijiji wanaoshirikiana na watu wa hifadhi wanayahamisha kwa mkono, wanayaleta Ushongo na kuyafukia sehemu salama. Yai linakaa mchangani kama miezi miwili, walinzi wa viota wameandika tarehe, kwahiyo ulizia kabla hujakata tiketi kuna kiota kipi kinakaribia, watakwambia njoo wiki fulani.

Siku yenyewe mnasimama pembeni, mnaacha njia kutoka kiota mpaka majini, hakuna tochi wala flashi ya simu kwasababu wale wadogo wanafuata mwanga na wakifuata simu yako wanageukia nchi kavu. Msiwabebe kuwapeleka majini hata mkiwaonea huruma, watembee wenyewe. Na futeni nyayo zenu pale wanapopita, shimo la kisigino cha mtu mzima kwa kasa wa siku moja ni korongo. Mwambie mwanao awahi kulala mchana, maana mkiambiwa ni jioni inaweza kusogea mpaka giza likaingia, na wakianza kutoka hawamsubiri mtu.