Swala mmoja, umbali mara mbili?

Kaka hapo darubini yako ya bunduki haijaharibika, unasema swala pala yuleyule ukimpima kwenye zoom 12 unapata mita 200 ukishusha hadi 6 unapata 400, basi hizo alama za msalaba wako unaouona ndani ya darubini hazikui pamoja na picha, zinasema kweli kwenye zoom moja tu na nyingi ni ile kubwa ya mwisho. Mi huwa nazungusha hadi mwisho ndo napima.

Hesabu yenyewe rahisi, urefu wa mnyama kwa mita zidisha 1000 gawa kwa mili (vipimo vya pembe vilivyochorwa kwenye msalaba) ulizosoma. Dume la pala bega lake tuseme 0.9, kajaza mili 4.5, ni mita 200. Sasa ukisoma 4 kwa haraka inaruka hadi 225, na kama ni jike dogo la 0.8 kwa mili 4.5 zilezile ni kama 178 tu, kwahiyo egemeza bunduki vizuri (isiwe na risasi jamani) na usome hadi robo ya mili.

Kuhakikisha, simamisha ubao wa mita 1, pima umbali kwa futi kamba upate mita 100 kamili, lazima ujaze mili 10. Ukijaza 5 zoom bado iko nusu.