"Ndiyo, Daktari" Haihesabiwi

Mama yangu ana presha. Nikimsindikiza kliniki, husema "ndiyo, daktari" tangu anaingia hadi anatoka. Nasikia kuna watafiti wanaopima ushiriki wa mgonjwa. Wanapimaje? (Msomaji, Mafinga)

Njia mojawapo ni kurekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya wote wawili, kisha kuyachambua kauli kwa kauli. Mtafiti wa Marekani, Richard Street, huhesabu hasa mambo matatu: mgonjwa kuuliza, kueleza wasiwasi wake, na kutamka anachotaka au asichokubaliana nacho. "Ndiyo" ya mama haimo. Lakini siku akisema, "Hizi dawa nikizimeza nasikia kizunguzungu, naogopa kuanguka na ndoo mtelemkoni, naomba unibadilishie," amehesabiwa wasiwasi mmoja na ombi moja kwa pumzi moja.

Ila msimwonee mama. Utafiti huohuo unaonyesha mgonjwa husema zaidi pale daktari anapomkaribisha aseme. Na wapo wasiokaribisha. Mwaka 1984, Beckman na Frankel, hukohuko Marekani, walipima muda ambao mgonjwa huachiwa kueleza shida yake kabla ya kukatizwa: wastani ulikuwa sekunde 18. Kwetu huku, mtu mzima hajamaliza hata salamu! Sasa mama aliyelelewa kutomkatiza mkubwa akishakatizwa yeye, unategemea arudi kwenye hoja yake?

Mimi ni nesi, Tukuyu. Hatuna kinasa sauti wala muda wa kusikiliza kanda. Hakuna dodoso fupi?

Yapo. Linalojulikana sana ni PAM (Patient Activation Measure), la Judith Hibbard na wenzake, lililotoka 2004 likiwa na maswali 22. Mwaka uliofuata likapunguzwa hadi 13. Alama ni 0 hadi 100, katika ngazi 4. Kulitumia kunahitaji leseni. Tena linapima jinsi mtu anavyojiamini na kujua kusimamia afya yake, si alichosema chumbani. Mtu anaweza kupata alama nzuri na bado akafyata mbele ya koti jeupe.

Kwa kituo chako ningechagua CollaboRATE: maswali 3 tu baada ya huduma, kuhusu juhudi zilizofanywa kumwelewesha mgonjwa, kumsikiliza na kuzingatia yale anayoyajali. Ila usimuulize wewe uliyemhudumia. Atakupa maksi zote, kwa heshima.

Foleni ikiwa ndefu, nikiuliza maswali si nawachelewesha wenzangu? (Ipogolo, Iringa)

Uliza. Anza na lile linalokunyima usingizi, usilisubirishe hadi umeshika kitasa.

Bibi yangu anajua Kihehe tu, daktari hakijui, kwa hiyo mimi ndiye msemaji. Ushiriki hapo ni wake au wangu? (Kilolo)

Ukijibu kwa kichwa chako, ni wako. Daktari akiuliza, mgeukie bibi, umuulize kwa Kihehe hapohapo, hata kama jibu unalijua, kisha tafsiri alichosema bila kukipunguza. Akisema mguu unakufa ganzi usiku, usiseme "miguu inamsumbua." Huo usiku na hiyo ganzi ndivyo daktari anavyovihitaji. Kabla ya kuinuka, muulize kama ana la kuongeza, halafu nyamaza umsubiri. Wazee hawajibu mbio.